Kamba Iliyozoea Kushusha

Asubuhi ile Wafa alikuwa amekwisha kuopoa karai la kwanza la bajia za kunde, Afande Uweso alipokuja na watu wake kufunga kamba. Mkaa uliowaka chini ya karai ulikuwa wa Robert, kwa sababu mkaa wote ulioshuka kutoka milima ya Amani ulikuwa wa Robert, wanawe na wakwe zake. Mafuta yalikuwa ya Marhun, kwa sababu kila kilichoingia bandarini kilikuwa cha Marhun, wanawe na wapwa zake. Barabara ilikuwa ya wanajeshi. Zamani kidogo vitu hivi vilikuwa vya serikali, lakini serikali iliondoka polepole, kama mgeni anayeona aibu kuaga, na watu wa Nguvumali hawakujua kwamba imeondoka mpaka siku mmoja wao alipokwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akakuta mbuzi wamelala ofisini.

Tangu hapo watu wa Marhun na watu wa Robert walipigania mji, na wanajeshi walipigana leo na hawa, kesho na wale, na keshokutwa wakawalinda wote.

Kamba ilifungwa upande mmoja kwenye nguzo ya umeme isiyo na umeme, na upande wa pili kwenye nguzo ya baraza ya duka lililofungwa. Ilikuwa kamba ya katani, nene, imelainika na kung'aa kwa kushikwashikwa. Ilipita usawa wa kifua. Huku ilikuwa Nguvumali, kule ilikuwa njia ya mjini, na mjini ndiko ilikokuwa hospitali pekee iliyobaki na dawa.

"Kuanzia leo hapiti mtu hapa bila ruhusa," alisema Uweso. Akachukua bajia, akaigeuzageuza. "Hii imeungua, dada."

"Ndiyo uliyoichagua, afande," alisema Wafa.

Wafa aliishia darasa la saba, akaingia jikoni. Alikuwa na tabia ya kutazama jambo mpaka liishe lenyewe. Kwa hiyo alimwona Mama Dorkasi, jirani yake, akitua ndoo ya maji na kuisogelea ile kamba, akaipapasa kama mtu anayepapasa nguo ya mwanawe sokoni.

"Hii mmeitoa wapi, baba?" Dorkasi aliuliza.

"Stoo ya kanisa lenu."

"Unajua kazi yake?"

"Kufungia."

"Kushushia majeneza," alisema Dorkasi. "Aliisokota baba yangu alipokuwa kwenye mashamba ya mkonge. Imemshusha mama yangu, ikamshusha baba mwenyewe, ikamshusha na mume wangu."

Uweso alikuwa mtoto wa Kiislamu, na watu aliowazika ni wengi. Kwao maiti hupokewa na mikono ya ndugu waliotangulia kuingia kaburini. Hakuwahi kuona kamba makaburini na haikumjia kwamba kamba inaweza kuwa na kazi hiyo.

"Kamba ni kamba, mama," alisema.

"Haya. Mimi nimesema." Dorkasi akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Kabla ya adhuhuri lilikuja gari la watu wa Marhun. Askari mmoja alinyanyuka kwenda kufungua kamba, lakini hakuwahi. Kamba iliteremka yenyewe kwenye nguzo zote mbili, ikalala mchangani, gari likapita juu yake, kisha ikapanda mpaka pale ilipokuwa. Likaja lori la watu wa Robert, ikashuka tena. Alipokuja mwalimu mstaafu anayetaka kununua dawa ya pumu, haikushuka. Mwalimu akainama apite chini yake, nayo ikainama. Akanyanyua mguu airuke, nayo ikapanda. Akasema samahani, akarudi nyumbani.

Jioni Uweso alipotaka kurudi kambini, kamba ilishuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda, hivyo hivyo, mpaka akaudhika akaenda kuketi kivulini kungoja imalize. Watu wake nao ikawashukia, ila kijana mmoja tu. Yule kijana akabaki upande huu, akawa analala kwenye baraza ya duka na kumsaidia Wafa kuchambua kunde.

"Imezoea kushusha," Dorkasi alimweleza Wafa walipokuwa wakianua nguo. "Ikimwona mtu anatembea na maiti wake, inashusha."

"Mbona wewe haikushukii? Na umefiwa."

"Mimi wangu wako chini, nimewazika. Sitembei nao. Hawa wameua wakaacha njiani, kwa hiyo wanao."

Wafa aliona ni sawa. Baada ya hapo alianza kutazama namna kamba inavyoshuka, kwa kuwa haikuwa namna moja. Palipokuwa na marehemu mnene ilianguka kwa kishindo, vumbi likatimka. Palipokuwa na mtoto ilishuka taratibu, kama mtu anayetua mayai. Wanawake wa mtaa nao waliiona tofauti hiyo. Wengine wakawa wanaleta kazi zao za mikono, wanakaa karibu na karai la Wafa, wanasuka ukili na kutazama.

Wanajeshi waliridhika. Kamba iliwapunguzia kazi ya kupekua watu.

Mtaani palikuwa na mtu akiitwa Mwinyijuma, mcheshi, msema sana, aliyepata kuwa kondakta. Yeye kamba ilimshukia, kwa kishindo. Akaanza kuvusha wenye shida, kila mmoja kwa kuku. Alisimama juu ya kamba ilipolala ili isipande, akainyooshea mikono njia, na wagonjwa wakapita pembeni yake.

"Twendeni jamani, twendeni, mama mjamzito mbele," alikuwa akisema. "Yakhe, wewe hata huumwi, unakwenda kununua viatu. Haya pita, lakini kuku wangu asiwe wa mayai."

Miongoni mwa waliokaa kutazama alikuwako Consolata, mke wa dereva wa lori aliyetoweka kwenye barabara ya Muheza. Mumewe alikuwa mtu wa kilo nyingi. Consolata aliusikiliza kile kishindo siku kadhaa, kisha siku moja akaja amevaa nguo za kanisani, na udongo kwenye pindo la kanga. Mwinyijuma alipofika na kamba ikaanguka, Consolata akasogea, akasema yale maneno ya mavumbi kwa mavumbi, akaurusha udongo juu ya kamba, akarudi nyumbani kulala. Walisema alilala mpaka kesho yake.

Mwinyijuma aliporudi kutoka mjini na watu wake, kamba haikushuka. Alisimama mbele yake akicheka kwa aibu.

"Amezikwa huyo," Dorkasi alimwambia. "Huna tena."

"Ndiyo naona," alisema Mwinyijuma. Akawaomba radhi wagonjwa, akaondoka kuelekea upande wa reli ya zamani. Alasiri haijaadhiniwa alikuwa amerudi, na kamba ikashuka kwa wepesi, kwa mtu mwembamba ambaye hakuna aliyemtambua.

Kuku wa Mwinyijuma walipozidi, Afande Uweso alitoa amri. Aliitoa huku anatafuna. Alisema si haki mtu mmoja afanye biashara ya barabara ya umma, na kwamba kuanzia sasa kila nyumba ivushwe na mtu wa nyumba hiyo. Watu wakaondoka kwenda kushauriana.

Ndivyo ilivyokuwa. Kisimani wanawake waliulizana kama wanavyoulizana habari za unga. Ninyi mmepata? Bado, mkubwa hataki, tunamsemesha. Nyumba ya kona wamepata jana, yule wao wa pili. Vijana walikwenda kujiandikisha kwa Marhun au kwa Robert, ambako kazi hiyo haikosekani, na waliporudi walipitia kwenye kamba kwanza, kisha ndiyo wakaenda kusalimia nyumbani. Hata yule askari kijana aliyekuwa akichambua kunde alitoka asubuhi moja akiaga vizuri, akarudi baadaye, kamba ikamshukia, akaenda kambini kwao. Wafa akawa anachambua kunde peke yake.

Nyumba ya Wafa ilikuwa na watu watatu: yeye, mama yake Bi Fakhria, na mdogo wake Muntasir. Bi Fakhria alizaliwa kwenye nyumba ya minazi mingi, nyumba ya Waarabu wa Oman waliokaa Tanga mpaka wakasahau njia ya kurudi. Minazi sasa ilikuwa ya Marhun. Bi Fakhria alibaki na kisukari na kidonda mguuni, nacho kilikuwa kinapanda. Wafa alichoma udi asubuhi na jioni ili mama asisikie harufu ya mguu wake mwenyewe, na mama alisifu udi.

Muntasir alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa kijana wa kuziba pancha na kucheka chini chini. Na nyumba hiyo, mtu wa kuivusha hakuwa mwingine ila yeye.

"Dada, mguu unanuka," alisema siku moja, mikono yake ikiwa kwenye mnyororo wa baiskeli.

"Najua."

"Mjini kuna dawa."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa tengeneza baiskeli ya watu."

Alitengeneza. Lakini Wafa alimwona anavyoitazama kamba, na yeye alijua kutazama ni nini. Bi Fakhria naye, kitandani kwake, hakuwa mjinga. Alimwita Wafa akamshika kiganja.

"Mguu ni wangu," alisema. "Ukioza, umeoza wangu. Mtoto asinitafutie njia."

Wafa akaenda kwa Dorkasi. Dorkasi naye alikuwa na mtoto wa rika hilo, Luka, aliyechechemea kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu homa ya utotoni. Luka na Muntasir walikuwa zaidi ya marafiki. Bi Fakhria alipougua baada ya kujifungua, Dorkasi ndiye aliyemnyonyesha Muntasir, huku Luka upande huu, Muntasir upande ule, na kwa sheria ya nyumba ya Wafa hao walikuwa ndugu wa kunyonya, hata dada wa Luka, kama angekuwapo, asingeweza kuolewa na Muntasir. Muntasir alimwita Dorkasi mama, na Luka alipokuwa mdogo alifunga Ramadhani mpaka saa nne asubuhi ili wafuturu pamoja.

"Tuwaondoe hapa," alisema Wafa.

"Waende wapi? Huku Robert, huku Marhun."

"Mkwaja. Mjomba anachemsha chumvi kule. Nani atapigania chumvi?"

Dorkasi alifikiri. "Wangu hatembei vizuri."

"Muntasir atampakia kwenye baiskeli."

Wakaondoka Alhamisi, kwa njia ya nyuma ya mtaa isiyofika mjini na isiyo na kamba, Luka amekaa kwenye keria na mfuko wa nguo shingoni. Dorkasi alimpa Muntasir chupa ya maji na kumwambia wasigombane. Luka akasema, "Mama, huyu hata kuku hawezi kumchinja, humpelekea shekhe." Wakacheka, wakaenda. Wafa alirudi kwenye karai, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikaa bila kuitazama kamba.

Mvua za vuli zilianza. Mguu wa Bi Fakhria uliingia weusi vidoleni.

Muntasir alirudi peke yake, asubuhi, baiskeli imejaa matope. Alisimama mlangoni akasema shikamoo mama, na mama akamjibu marahaba mwanangu. Dorkasi alikuja mbio, mikono ina unga.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Kabaki," alisema Muntasir. "Chumvi haijakauka."

"Na mvua hii, itakauka lini?"

"Haijakauka," alisema tena.

Hakutaka chai. Alikwenda kuazima mkokoteni, akaupaka grisi kwenye magurudumu, akayazungusha mpaka yakaacha kulia. Kisha akatandika godoro na shuka safi.

"Mlaze mama hapa," alimwambia Wafa.

"Kamba haitashuka."

"Tujaribu tu, dada."

Wafa alimtazama. Alikuwa amenyolewa kichwa na amevaa shati ambalo si lake. Wafa hakuuliza, kwa sababu jibu lilikuwa linakuja lenyewe, na hatua za kulifikia zilikuwa chache. Wakambeba mama. Dorkasi akafunga kanga kiunoni akashika nyuma ya mkokoteni, kwa kuwa njia ilikuwa na matope na Bi Fakhria ni jirani.

Uweso alikuwa pale, anakula. Muntasir alitangulia mbele ya kamba akasimama.

Kamba ilishuka. Ilianza upande wa kushoto, ikateremka kidogo, ikangoja upande wa kulia uifikie, kisha upande wa kushoto ukatangulia tena, ukadidimia, wa kulia ukafuata. Ilichechemea hivyo mpaka chini. Ikalala matopeni.

Wanawake waliokuwa wakisuka ukili waliacha kusuka.

"Imeshuka?" aliuliza Bi Fakhria kutoka kwenye godoro. Alikuwa amefumba macho.

"Imeshuka, mama," alisema Wafa.

"Alhamdulillahi." Kisha, kwa kuwa hakuna aliyesukuma, akafumbua macho akaona uso wa Dorkasi juu yake, akayafumba tena.

Muntasir alisimama juu ya kamba kama sharti lilivyotaka. Hakugeuka. "Walikuja wa pande zote mbili," alisema. "Pale pale kwenye chumvi. Wakatupanga mstari wakatugawa. Huyu huku, huyu kule. Kama timu za mpira, mama. Kisha wakasema tuanze."

Hakuna aliyejua alikuwa anamwambia mama yupi. Mvua ilinyesha. Dorkasi alitazama kamba pale ilipolala, upande wake wa kushoto umezama zaidi.

"Sukuma," alisema. "Godoro linalowa."

Wakasukuma.

Hospitalini walimkata Bi Fakhria vidole viwili, wakamsafisha kidonda, wakasema mguu utapona kama ataletwa kufungwa dawa kila Jumanne na Ijumaa. Akikosa kuletwa kidonda kitapanda juu, na huko juu hawana la kufanya. Dorkasi alikaa nje kwenye benchi muda wote, ameshika viatu vya Bi Fakhria mapajani. Kurudi, kamba ilishuka vilevile, kushoto kwanza.

Usingizi wa Wafa uliisha tangu siku hiyo. Kwa Luka hakukuwa na mwili wa kufuata, Mkwaja ilikuwa imekwisha kuchomwa. Na Consolata alikuwa amewaonyesha wote namna ya kuzika. Dorkasi akirusha udongo, Luka atapumzika na yeye atapumzika. Kamba haitamshukia Muntasir tena. Kidonda kitapanda. Na Muntasir, ambaye sasa alikuwa anakaa na baiskeli mbele yake bila kuigusa, atanyanyuka aelekee upande wa reli, kama Mwinyijuma, akatafute mwingine. Wafa aliyageuza haya kila upande, akashindwa kupata upande ambao angeweza kumwendea Dorkasi akamwomba.

Jumanne Dorkasi alikuja kwenye kamba amevaa gauni lake la kanisani, na kopo la maziwa ya unga mkononi. Ndani ya kopo kulikuwa na udongo wa uani kwake. Watu walimpisha. Muntasir alisimama mbele ya kamba, mkokoteni nyuma yake, nayo ikaanza kuchechemea kushuka. Dorkasi akatia mkono koponi, akatoa udongo, akaukamata.

"Rusha, mama," alisema Muntasir. "Ni haki yake."

"Nikirusha utakwenda wapi?"

Muntasir alitazama upande wa reli.

Dorkasi aligeuka kwa Wafa. "Kidonda kimefunga?"

"Bado," alisema Wafa.

"Basi pitisheni mgonjwa."

Mkokoteni ukapita. Dorkasi alibaki amesimama na ngumi yake kando ya kamba mpaka ilipopanda, kisha akaurudisha udongo koponi, akalifunika, akarudi nyumbani. Ijumaa alikuja tena. Na Jumanne iliyofuata.

Baada ya muda Marhun na Robert walichoka, wakapatana. Binti wa huku aliolewa na kijana wa kule, sheria za dini zikatafutiwa njia, na siku ya harusi msafara wa magari ulipita Nguvumali kwa tarumbeta. Kamba ililala chini siku nzima, haikupata nafasi hata ya kupanda. Wanajeshi walipanga mstari kuwazuia watu wa mtaa wasiwasumbue wageni. Ilikuwa Jumanne, kwa hiyo Bi Fakhria hakufungwa dawa, na kidonda kikaharibika tena kidogo. Kesho yake mkaa ulikuwa wa Robert, mafuta ya Marhun, barabara ya wanajeshi.

Bi Fakhria ameacha tende, ameacha wali, ameacha hata kuonja mchuzi wa nazi. Humeza dawa zake bila kukumbushwa. Wafa akimwambia mama, kula kidogo, humjibu kwamba kuna mtu anamngoja apone. Hamtaji.

Kidonda cha kisukari hakina haraka. Jumanne na Ijumaa kamba hushuka kushoto kwanza, na Wafa husogeza karai kando ili mkokoteni upate nafasi. Udongo ulioko koponi umekauka, ukawa unapita kwenye vidole, na sasa Dorkasi huunyunyizia maji kabla ya kutoka nyumbani, ili uweze kushikika. Hufika mapema, huketi na wenzake wa ukili, huwauliza hali za watoto. Mkokoteni ukitokea husimama, hutia mkono.

"Bado?" huuliza.

"Bado kidogo," husema Wafa.

Na Afande Uweso huchagua bajia, huigeuza, husema imeungua.